JE, WAJUA? Steringi, adui na jiwe la buluu chini ya Kibo

Kisa cha sinema za kauboi ni kilekile: machimbo yametema, wajanja wanakula njama, na risasi ya mwisho ndiyo inayogawa mali. Mkazi wa Moshi hana haja ya kwenda Texas kukitafuta.

Je, wajua kwamba John Huston, aliyeongoza *The Treasure of the Sierra Madre* mwaka 1948, filamu ya wachimba dhahabu wasioaminiana, alikuja Afrika miaka mitatu baadaye? Alipiga *The African Queen* Uganda na Kongo, tena na nyota yuleyule, Humphrey Bogart. Katika ile ya kwanza, majambazi wanadhani vumbi la dhahabu ni mchanga, wanalimwaga, upepo unalipeperusha.

Je, wajua kwamba Wachagga walikuwa na kisa kama hicho kabla sinema haijabuniwa? Wamisionari Krapf na Rebmann, waliofika Afrika Mashariki katika miaka ya 1840, waliandika simulizi ya Mangi Rengua wa Machame. Aliwatuma watu Kibo, kilele cha Kilimanjaro, wakaone kama ule weupe unaong'aa ni fedha. Inasimuliwa kwamba alirudi mmoja tu, Sabaya, mikono na miguu imeharibiwa na baridi. Nayo ile "fedha", ikiteremshwa bondeni, ilikuwa maji.

Je, wajua kwamba steringi mkubwa wa sinema za kauboi, John Wayne, aliwahi kufanya kazi jirani na Kilimanjaro? *Hatari!* ya Howard Hawks, iliyotoka mwaka 1962, ilipigwa Tanganyika, pamoja na Momella chini ya Mlima Meru, kabla ya Uhuru. Badala ya kufukuza majambazi, Wayne alifukuza vifaru na twiga kwa gari. Mwenzake, Mjerumani Hardy Krüger, alinogewa hadi akanunua shamba Momella.

Je, wajua kwamba tanzanite, lile jiwe la buluu, inachimbwa sehemu moja tu duniani? Ni vilima vya Mirerani, wilayani Simanjiro, ambako ukishuka uwanja wa ndege wa KIA unafika kwa lami ya kilomita 26. Ukanda wenye jiwe una urefu wa kilomita 7 hivi na upana wa kama 2.

Je, wajua kwamba hata "nani aliliona kwanza" imekuwa kesi ya kusimuliwa? Mwaka 1967 Manuel D'Souza, fundi cherehani wa Arusha mwenye asili ya Goa, aliandikisha maeneo ya kuchimba. Kwa miaka mingi vitabu vya nje vilimtaja yeye. Serikali inamtambua Jumanne Ngoma, aliyeokota mawe hayo mwaka huohuo. Nyerere alimpa cheti, na mwaka 2018 Rais Magufuli akamzawadia shilingi milioni 100. Jina la tanzanite liliingia sokoni mwaka 1968 kupitia kampuni ya vito ya Tiffany, New York.

Je, wajua kwamba mawe mengi hutoka ardhini yakiwa ya kahawia? Moto wa nyuzi joto 500 hadi 600 ndio unaoyageuza kuwa ya buluu. Mwizi asiyejua vito angeyapita.

Je, wajua kwamba Mirerani uvamizi wa machimbo hufanyika chini kwa chini? Eneo liligawanywa vitalu vinne, A hadi D. Mipaka iko juu kwenye ramani, lakini mwamba haujui ramani. Mchimbaji anafuata mkanda wa mawe, anagonga, ghafla anatokea kwenye mgodi wa jirani. Wenyewe wanaita mtobozano, na umezua ugomvi mkubwa, hasa kati ya wachimbaji wadogo wa B na D na kampuni kubwa ya Kitalu C.

Je, wajua kwamba wanaapolo, yaani vibarua wa machimbo ya Mirerani, wengi wao kwa desturi hawapewi mshahara? Mwenye mgodi analisha na kununua baruti. Wao wanashuka mamia ya mita, wanatoka weusi wakimetameta kwa vumbi la grafaiti, na wanasubiri mgao jiwe litakapoonekana. Njama nyingi huanzia hapo: nani ataliona kwanza, na nani atalificha.

Je, wajua kwamba leseni ndogo ya uchimbaji hupewa Mtanzania peke yake? Hata hivyo, kwa miaka mingi mawe yalivushwa kwa magendo hadi Nairobi na kuishia kwa wakata vito wa Jaipur, India. Dawa ya Serikali ilikuwa ukuta wa zaidi ya kilomita 24 kuzunguka machimbo, uliojengwa na jeshi na kuzinduliwa Aprili 2018.

Je, wajua kwamba damu nayo imemwagika? Agosti 2013 tajiri mmoja wa tanzanite aliuawa kwa risasi wilayani Hai, mchana. Kesi ilisikilizwa Mahakama Kuu, Moshi, na mwaka 2018 watu watano wakahukumiwa kunyongwa.

Je, wajua kwamba jiwe kubwa kuliko yote yaliyokuwa yamerekodiwa halikuibiwa na mtu? Juni 2020 Saniniu Laizer, mfugaji Mmaasai na mchimbaji mdogo, alipeleka mawe mawili, kilo 9.27 na kilo 5.1. Serikali iliyanunua kwa shilingi bilioni 7.74 mbele ya kamera, na Rais Magufuli akampigia simu papo hapo kumpongeza. Mwandishi wa sinema angemuua Laizer njiani kabla hajafika sokoni. Yeye Agosti alirudi na la tatu, kilo 6.3.