Swali la Utafiti na Uteuzi wa Muundo katika Sayansi za Afya: Mifano ya Ngamiani na Muheza

Muundo wa utafiti ni mpango unaounganisha swali na ushahidi unaotosha kulijibu. Utafiti wa wakati mmoja, ufuatiliaji wa kundi na jaribio la kinasibu hupimwa ubora kwa swali linalokusudiwa kujibiwa. Makala haya yanafafanua hoja hiyo kwa maswali mawili yanayohusu mkoa wa Tanga: ugonjwa umeenea kiasi gani, na je, tiba inaokoa maisha?

1. Swali la ukubwa wa tatizo

Chukulia mtafiti anayetaka kujua kiwango cha maambukizi ya minyoo ya matende na mabusha miongoni mwa wakazi wa Ngamiani, jijini Tanga. Swali hili linahitaji utafiti wa kimaelezo wa wakati mmoja, lakini kuhesabu wagonjwa wanaofika Hospitali ya Bombo hakutoshi. Wenye vimelea wasio na dalili hawana sababu ya kwenda huko, na mwenye busha huweza kuona haya kujitokeza. Sampuli sharti itokane na makazi.

Barabara za Ngamiani zenye namba hurahisisha kuandaa orodha ya nyumba. Hata hivyo, nyumba si kaya. Nyumba moja ya Kiswahili huweza kuwa na wapangaji kadhaa, kila mmoja na chungu chake. Mtafiti akiteua nyumba kinasibu, kisha akahoji kaya moja tu katika kila nyumba, kaya za wapangaji zitapata nafasi ndogo ya kuteuliwa kuliko kaya inayokaa nyumba peke yake. Ni lazima aorodheshe kaya zote, au arekebishe uzito wa takwimu wakati wa uchanganuzi.

Saa ya kupima nayo ni sehemu ya muundo. Vimelea vichanga vya Wuchereria bancrofti huonekana kwa wingi katika damu karibu na usiku wa manane. Damu ikichukuliwa mchana kwa ajili ya hadubini, sampuli iliyoteuliwa vizuri itatoa kiwango kilicho chini ya hali halisi. Kipimo cha antijeni hakifungwi na saa hiyo.

2. Swali la matokeo ya tiba

Utafiti wa kimaelezo hauwezi kuthibitisha kwamba tiba fulani inaokoa maisha. Katika wilaya jirani ya Muheza, Hospitali Teule ilikuwa miongoni mwa vituo vya jaribio la FEAST, lililofanyika pia Kenya na Uganda kuanzia mwaka 2009. Watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu waligawanywa kinasibu katika makundi matatu: waliopewa haraka dripu ya maji ya chumvi, waliopewa haraka dripu ya albumini, na kundi linganishi lisilopewa dripu ya haraka.

Dripu ya haraka ilikuwa tiba iliyopendekezwa kwa hali hiyo, na dalili za mshtuko zilipungua mapema zaidi kwa waliopewa. Muuguzi aliye kando ya kitanda angeona nafuu. Hata hivyo, ndani ya saa 48 walifariki asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi na asilimia 10.6 ya waliopewa albumini, dhidi ya asilimia 7.3 ya kundi linganishi. Uandikishaji ulisitishwa Januari 2011 kwa ushauri wa kamati huru ya kufuatilia takwimu.

Mgao wa kinasibu ulifanya makundi yafanane tangu mwanzo, hivyo tofauti ya vifo haikuweza kuelezwa kwa ukali wa ugonjwa. Kwa kuwa wahudumu waliweza kuona nani amepewa dripu, uteuzi wa kifo kuwa kipimo kikuu ulikuwa muhimu: kifo hakitegemei tafsiri ya mtazamaji kama dalili zinavyotegemea.

3. Hitimisho

Sura ya mbinu inapaswa kueleza ni kosa gani kila uamuzi unazuia: orodha ya kaya, saa ya kutoa damu, kundi linganishi. Bila kundi linganishi, vifo vya ziada katika FEAST vingehesabiwa kuwa vya homa.