Seva Yako Ndogo: Faiawoli Kwanza, Kingavirusi Baadaye
Kama duka lako la mtandaoni linapokea taarifa za malipo kwenye seva yako ya Linux, usikimbilie kununua kingavirusi. Anza na milango. Ubuntu huja na ufw, faiawoli ya bure, ila huwa imezimwa. Funga kila kinachoingia, kisha fungua 443 ya tovuti na 22 ya SSH. Ruhusu SSH kabla ya kuiwasha, la sivyo utajifungia nje, na kumwita fundi ni pesa. Mlango 3306 wa MySQL usiufungulie intaneti hata siku moja. Humo ndimo zilimo namba za simu za wateja wako. Unatumia Docker? Chunga sana: milango inayofunguliwa na Docker hupita kando ya ufw.

Kingavirusi je? ClamAV ni ya bure, lakini hula zaidi ya GB 1 ya memori, na seva nyingi za bei nafuu zina hiyo GB 1 tu. Iweke kama wateja hukutumia mafaili. Vinginevyo, masasisho ya mara kwa mara na funguo za SSH badala ya nywila zitakufaa zaidi.

Lakini faiawoli haijui malipo feki. Ujumbe ukisema mteja amelipa, seva yako ituulize kwanza kabla hujatoa mzigo.