Je, Wajua? Damu Hujifanya Upya Kila Sekunde
Uboho wa mtu mzima hutengeneza chembe nyekundu za damu zipatazo milioni 2 kila sekunde!

Kila chembe huishi siku 120 hivi. Kabla ya kukomaa, hukitupa nje kiini chake ili ipate nafasi ya himoglobini, inayobeba oksijeni. Ikizeeka huvunjwa, hasa kwenye wengu na ini, na madini yake ya chuma hutumika tena.

La ajabu zaidi ni selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe hizi nyekundu. Mwaka 1954, Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kuwa mtoto aliyerithi jeni moja tu ya ugonjwa huo hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Akirithi mbili, huugua.

Kwa hiyo, wachumba, pimeni damu kabla ya ndoa, mjue kama nyote wawili mna jeni hiyo.