Walipwao Mwisho

Jumapili ya tarehe 22 Novemba 2015, serikali ya Italia iliziokoa benki nne za mikoani: Banca Etruria ya mji wa Arezzo, Banca Marche, na benki za akiba za Ferrara na Chieti. Kesho yake matawi yalifunguliwa kama kawaida, na wenye amana hawakupoteza hata senti. Waliolia ni wanahisa, pamoja na maelfu ya wananchi waliokuwa na hatifungani za daraja la chini, yaani mikopo waliyoipa benki. Hatifungani hizo zilifutwa zote.

Wengi wao hawakuwa watu wa masoko ya mitaji. Walikuwemo wastaafu na wateja wa miaka mingi, waliouziwa hatifungani kwenye tawi lile lile walikoweka akiba zao.

Benki ikianguka, wanaoidai hulipwa kwa zamu. Wenye amana ndogo hutangulia, hufuata madeni ya kawaida, kisha madeni ya daraja la chini. Wanahisa hufunga mkia. Anayekopesha kwa daraja la chini amekubali, kwa saini yake, kubeba hasara kabla ya wenye amana kuguswa. Kwa sababu hiyo kanuni za kimataifa za benki ziitwazo Basel III huruhusu mkopo wake uhesabiwe kuwa sehemu ya mtaji wa benki, mradi muda wake tangu kutolewa usipungue miaka 5. Katika miaka 5 ya mwisho, kiasi kinachohesabiwa hupunguzwa kwa asilimia 20 kila mwaka, maana siku ya kuulipa imekaribia.

Benki za mikoani zina sababu ya kuupenda mtaji wa aina hii. Kwa miaka mingi Etruria ilikuwa benki ya ushirika: kila mwanachama kura moja, awe na hisa kumi au elfu kumi. Tajiri gani ataingiza mamilioni mahali ambapo sauti yake ni sawa na ya jirani? Deni la daraja la chini halidai kura, na riba yake hupunguza kodi.

Deni hilo halina ubaya likishikwa na mfuko wa pensheni au kampuni ya bima yenye wataalamu wa kulipima. Ubaya ni kumuuzia mtu anayedhani ananunua amana yenye riba nono. Benki iliyopungukiwa mtaji ndiyo yenye haja kubwa ya kuuza, na mteja anayeiamini ndiye mwepesi wa kusaini.

Mwaka 2016 Italia iliamua kuwarudishia asilimia 80 ya fedha zao wenye hatifungani waliokuwa na kipato kisichofika yuro 35,000 kwa mwaka au mali ya fedha isiyofika yuro 100,000, ikiwa walinunua kufikia tarehe 12 Juni 2014. Baadaye sheria iliweka kiwango cha chini cha yuro 200,000 kwa kila hatifungani mpya ya namna hiyo. Kinga hiyo ilipaswa kutangulia msiba.

Hatifungani za benki sasa zinauzwa kwa wananchi hata Dar es Salaam na Nairobi. Si zote za daraja la chini, lakini bima ya amana hailindi hata moja. Kabla ya kusaini, muulize anayekuuzia: benki ikianguka, ni nani watakaolipwa kabla yangu? Akishindwa kukujibu kwa lugha unayoielewa, usinunue.