Kaya Nyingi Chini ya Paa Moja: Ukaguzi wa Nyumba za Kupanga Uingereza

Nyumba inayokaliwa na kaya kadhaa zisizo na udugu, zinazotumia jiko, bafu au choo kimoja, huwa na hatari kubwa kuliko nyumba ya familia moja, si kwa sababu wapangaji wake ni wazembe, bali kwa sababu kila mmoja huangalia ya chumbani mwake, ilhali korido, ngazi na nyaya za umeme hubaki bila mwangalizi. Nchini Uingereza, Sheria ya Makazi ya mwaka 2004 humtwika mwenye nyumba jukumu hilo, na nyumba yenye watu 5 au zaidi wa namna hiyo haipangishwi bila leseni ya halmashauri. Tangu Oktoba 2018 sharti hilo halitegemei tena wingi wa ghorofa, na chumba cha kulala cha mtu mzima mmoja hakiruhusiwi kupungua mita za mraba 6.51. Mitambo ya gesi hukaguliwa kila mwaka, na mfumo wa umeme angalau kila baada ya miaka 5.

Utaratibu wa kupima hatari, ulioanza mwaka 2006 ukiwa na makundi 29, yakiwemo moto, ukungu, baridi na gesi ya monoksidi ya kaboni isiyo na harufu, hauulizi kama nyumba inapendeza, bali uwezekano wa mtu kudhurika ndani ya miezi 12 na ukubwa wa madhara yenyewe. Jambo la busara zaidi ni kwamba kipimo ni mtu aliye dhaifu kuliko wote mbele ya hatari husika: ngazi hupimwa kwa kumfikiria mwenye umri wa miaka 60 na zaidi, hata kama waliopanga ni wanafunzi vijana, kwa kuwa wapangaji huhama na ngazi hubaki palepale. Hatari ikifikia daraja la kwanza, halmashauri hulazimika kuchukua hatua.

Hata hivyo, sheria ina pengo la kusikitisha, kwani leseni yaweza kutolewa kabla mkaguzi hajaingia ndani, halmashauri ikiwa na hadi miaka 5 tangu maombi kupokewa kujiridhisha kuhusu usalama, na mwenye nyumba asiyeomba leseni huweza kukaa muda mrefu bila kujulikana, hasa pale wapangaji wanapoogopa kwamba malalamiko yatawafukuzisha. Ndiyo maana mpangaji amepewa haki ya kudai mahakamani arejeshewe kodi aliyolipa wakati nyumba haina leseni, na halmashauri hutakiwa kutunza daftari la leseni, ambalo mtu yeyote anaweza kulikagua kabla ya kulipa kodi ya kwanza.