Kodi ya pedi ilifutwa Dodoma, dukani bei ikagoma

Mzazi mwenzangu, kama una binti aliyevunja ungo, hesabu hii unaijua bila kufundishwa. Mwisho wa mwezi kuna unga, mafuta, mkaa na maji, halafu kuna pakiti ya pedi. Fedha ikipungua, hiyo pakiti ndiyo inayokatwa kwanza, kwa sababu baba haijui na mama anaona haya kuitaja. Binti anajisitiri na kipande cha kanga kuukuu. Siku asipokiamini anabaki nyumbani, na mwalimu anamwandika kwenye daftari kuwa hayupo.

Sisi wa Dodoma tuna bahati moja. Uamuzi ulioigusa pakiti hiyo ulifanyika hapa hapa kwetu, katika ukumbi wa Bunge, mahali ambapo mama wa Chang'ombe au Nkuhungu anafika kwa daladala. Ulifanyika mara mbili, na wa pili ukaufuta wa kwanza. Leo nataka tukiangalie kisa hicho, maana kinatufundisha jinsi sauti ya wananchi wa kawaida inavyoweza kushinda, na jinsi ushindi unavyoweza kupotea.

Ushindi wa mwaka mmoja

Kelele zilianza chini. Walimu, wazazi na wanaharakati walisema wazi kuwa mabinti wanakosa masomo kwa ajili ya hedhi. Kampeni ya Namthamini, iliyoendeshwa na East Africa Television na East Africa Radio, iliomba wananchi wachangie pedi kwa ajili ya wanafunzi. Bungeni, Mbunge wa Viti Maalumu Upendo Peneza alilivalia njuga suala hilo mbele ya wabunge wenzake, wengi wao wanaume, bila kuona haya.

Juni 2018 sauti hizo zilisikika. Waziri wa Fedha na Mipango wa wakati huo, Dk Philip Mpango, alisoma bajeti ya mwaka 2018/19 na kupendekeza taulo za kike zisamehewe Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT), ambayo ni asilimia 18. Bunge likaridhia, watu wakashangilia.

Juni 2019 waziri huyo huyo alisimama tena na kupendekeza kodi irudi. Sababu yake ilikuwa nyepesi kueleweka: msamaha ulitolewa lakini bei haikushuka, kwa hiyo mnunuzi hakunufaika. Badala yake Serikali ikatoa nafuu kwa wawekezaji wapya wa viwanda vya taulo za kike, kwa kushusha kodi ya mapato ya kampuni kutoka asilimia 30 hadi 25 kwa miaka miwili.

Kwa nini bei iligoma? Kwanza, msamaha wa VAT hauondoi kodi yote iliyomo kwenye bidhaa. Mtengenezaji wa bidhaa iliyosamehewa bado analipa VAT kwenye umeme na vifungashio, na haruhusiwi kuirejeshewa, hivyo huiingiza kwenye bei. Pili, kati ya kiwanda na duka la mtaani kuna mikono mingi, na kila mkono unaweza kubaki na kipande cha nafuu. Tatu, na hili linatuhusu sisi, kilio kilielekezwa zaidi kwa waziri. Waziri alipokubali, wengi tuliona kazi imekwisha.

Wenzetu walibana pande mbili

Kenya ilifuta VAT kwenye pedi mwaka 2004, na mwaka 2017 ikatunga sheria inayoitaka Serikali kuwapa wanafunzi wa kike pedi bure shuleni.

Uingereza, mwanafunzi wa chuo kikuu Laura Coryton alianzisha ombi kwenye mtandao mwaka 2014, akitaka kodi ya asilimia 5 kwenye bidhaa za hedhi ifutwe. Zaidi ya watu 300,000 waliweka saini. Kodi hiyo ilifutwa rasmi Januari 1, 2021, karibu miaka saba baadaye. Ila kabla Serikali haijatekeleza, mwaka 2017 kampuni ya maduka makubwa ya Tesco ilishusha bei kwa kiwango kile kile cha kodi. Kampuni nazo zina masikio, hasa wateja wanaposema kwa wingi.

Hata hapa nyumbani tunao mfano mwingine. Julai 15, 2021 tozo za miamala ya simu zilipoanza, kila aliyemtumia mama yake fedha kijijini aliona makato kwenye ujumbe wa simu. Hakuhitaji mtaalamu wa kumweleza. Malalamiko yalijaa vijiweni, redioni na mitandaoni, na shauri likafunguliwa Mahakama Kuu. Ndani ya siku chache Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza suala hilo liangaliwe, na Septemba mwaka huo tozo zikapunguzwa kwa asilimia 30. Makato yaliendelea kulalamikiwa, na Serikali ikaendelea kuyapunguza katika miaka iliyofuata. Kilichosaidia ni kwamba kila mwananchi alikuwa na ushahidi mkononi, na hakuacha kuuangalia.

Binti wa Dodoma na subira

Yupo pia binti aliyezaliwa na kukulia hapa Dodoma, mwanasheria Rebeca Gyumi. Alipeleka shauri Mahakama Kuu kupinga vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vinavyoruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, na hata wa miaka 14 kwa kibali cha mahakama. Hilo si jambo la mbali nasi. Takwimu za mwaka 2010 zilionyesha kuwa mkoani Dodoma asilimia 51 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya kutimiza miaka 18.

Gyumi alishinda Julai 8, 2016. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 23, 2019 Mahakama ya Rufani ikampa ushindi tena. Hata hivyo, miaka mitano baada ya hukumu hiyo vifungu hivyo vilikuwa bado havijarekebishwa bungeni. Unaona? Mahakama, waziri na mwenye duka ni milango mitatu tofauti. Kufunguliwa mmoja hakufungui mingine.

Tuanzie wapi?

Huhitaji kuanzia bungeni. Tuseme wazazi wa shule yenu mnataka vyoo vya wasichana viwe na maji na chumba cha kujisitiri. Fanyeni hivi.

Andikeni barua ya ukurasa mmoja yenye jambo moja. Ukichanganya vyoo, madawati na uzio, mpokeaji atachagua lililo rahisi kwake.

Mtafuteni mwenye mamlaka. Pitieni kamati ya shule na mkutano wa mtaa au kijiji, kisha mfikisheni suala hilo kwa diwani ili alipeleke Baraza la Madiwani. La kitaifa lipelekeni kwa mbunge.

Angalieni kalenda. Bajeti ya halmashauri hujadiliwa mwanzoni mwa mwaka. Anayepeleka ombi Juni amechelewa.

Wekeni ushahidi. Hesabuni siku ambazo mabinti wamekosa shule kwa muhula mmoja, bila kuwataja majina. Kila anayesaini aandike jina na mtaa wake.

Bakini na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri ni rahisi kupotea. Kisha chagueni watu wawili wa kuifuatilia kila mwezi.

Na akina baba msikae pembeni. Saini ya baba kwenye barua ya vyoo vya wasichana inamwambia binti kuwa hedhi si aibu ya kufichwa nyuma ya mlango.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Vidole vingi vilishikana mwaka 2018, vikafungua mapema mno. Kwa hiyo ukienda dukani wiki hii, nunua pakiti hiyo, omba risiti na uitunze. Siku Bunge litakapoifuta tena kodi hiyo, utaitoa risiti ya leo, uiweke kando ya ile mpya, na umuulize muuzaji kilichobadilika.