Kifaa cha kupima chipu za mantiki chaweza kutengenezwa nyumbani

CHIPU ya elektroniki iliyoharibika mara nyingi haionyeshi dalili yoyote kwa nje, na jambo hilo huwagharimu wanafunzi na mafundi saa nyingi wakitafuta kosa katika saketi ambayo kwa kweli imeunganishwa sawasawa.

Hata hivyo, kwa chipu ndogo zenye malango ya mantiki, ubovu huo waweza kubainika kwa muda mfupi kwa kutumia kifaa rahisi chenye swichi mbili, taa nne za LED na rezista chache.

Lango la mantiki hupokea ishara za umeme na kutoa jibu moja, ama 0 au 1. Katika chipu asilia za jamii ya 7400, zilizoletwa sokoni na kampuni ya Texas Instruments ya Marekani katika miaka ya 1960, ishara inayoingia ikiwa haizidi volti 0.8 huhesabiwa kuwa 0, na ikifika volti 2 au zaidi huhesabiwa kuwa 1.

Chipu ya 7400 yenyewe ina miguu 14 na malango manne ya aina ya NAND. Mguu wa 14 hupokea volti 5, na wa 7 huunganishwa na upande hasi. Ishara huingia kwa miguu ya 1 na 2, 4 na 5, 9 na 10, na 12 na 13, ilhali majibu hutoka kwa miguu ya 3, 6, 8 na 11.

Kazi huanza kwa soketi ya miguu 14. Miguu ya 1, 4, 9 na 12 huunganishwa pamoja hadi kwenye swichi ya kwanza, na ya 2, 5, 10 na 13 hadi kwenye swichi ya pili. Swichi ikifungwa huiunganisha miguu hiyo na upande hasi, yaani 0. Ikiachwa wazi, rezista ya kilo-om 4.7 kutoka volti 5 huipandisha kuwa 1.

Kila taa, pamoja na rezista ya om 470, huwekwa kati ya volti 5 na mguu wa jibu. Sababu ni kwamba chipu asilia za jamii hiyo huweza kupokea miliampea 16 jibu likiwa 0, lakini hutoa miliampea 0.4 tu jibu likiwa 1, kiasi kisichotosha kuwasha taa vizuri. Kwa hiyo, taa ikiwaka maana yake ni 0.

Chipu nzima ya 7400 itawasha taa zote nne pale tu swichi zote mbili zinapokuwa 1. Soketi hiyo hiyo hupima pia 7408, ambayo taa zake huzimika pale tu swichi zote zinapokuwa 1; 7432, ambayo huwaka pale tu zote zinapokuwa 0; na 7486, ambayo huwaka swichi zikilingana. Taa moja ikienda kinyume na wenzake, lango lake ndilo la kushukiwa.

Tahadhari ni muhimu. Chipu ya 7402 ina mpangilio tofauti wa miguu, hivyo ikipimwa hapa itaonekana mbovu ingawa ni nzima. Aidha, chipu ikigeuzwa, mguu wa 7 huchukua nafasi ya ule wa 14, umeme ukaingia kinyume na kuiunguza. Alama ya pengo mwishoni mwa chipu ndiyo inayoonyesha upande wa mguu wa 1, na umeme uzimwe kabla ya kuipachika.

Kifaa hiki hakipimi kasi. Chipu inayojibu vyema kwa swichi ya mkono yaweza bado kushindwa katika saketi inayobadilika mara mamilioni kwa sekunde. Lakini kwa saketi za mafunzo, kipimo hiki hutosha kuamua kama kosa liko kwenye chipu au kwenye nyaya.